Siku moja ya kutembea kwenye njia ndefu ya mwambao na mashambani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila mtu anapojiandaa kutembea njia ndefu inayofuata bahari, mara juu ya majabali, mara ufukweni, mara ikikata mashamba ya watu. Hapa tunazungumzia siku moja tu ya safari hiyo, tangu unapofunga kamba za viatu hadi unapovivua. Ukiweza kuipanga siku moja vizuri, zinazofuata hupangwa kwa namna ileile.

## Mambo ya msingi

Kwa siku nitembee kilomita ngapi?

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida asiyezoea safari ndefu, kilomita 12 hadi 18 ni siku nzuri. Waliozoea hufika 25, na wapo wanaozidi. Lakini hesabu ya kilomita ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye mwambao, siku hupimwa kwa saa: saa za mwanga, saa za maji kupwa, na saa ambazo miguu yako inaweza kubeba mzigo bila kulalamika. Kilomita 20 za barabara ya vumbi na kilomita 20 za majabali ni safari mbili tofauti kabisa.

Siku mbili za kwanza tembea pungufu ya unachodhani unaweza. Malengelenge na magoti mabovu mengi hupatikana siku hizo, watu wakiwa na hamu na nguvu bado mpya.

Nitajuaje safari itachukua saa ngapi?

Ipo kanuni ya zamani aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892, na bado inatumika: kwa vipimo vya leo, saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Naismith alikuwa mtu wa milimani. Ukiwa na mzigo mgongoni, weka kilomita 4 kwa saa, na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda.

Tuseme siku yako ina kilomita 18 na jumla ya mita 700 za kupanda. Kilomita 18 kwa mwendo wa 4 ni saa nne na nusu. Kupanda kunaongeza dakika 70. Hapo ni saa tano na dakika 40 za kutembea tu. Weka saa moja ya vituo vidogo vidogo na dakika 40 za chakula cha mchana, unapata saa saba na dakika 20. Ukiondoka saa mbili asubuhi, utafika saa tisa na dakika 20 alasiri. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, halafu baada ya saa mbili za kwanza linganisha na ulipofika. Ukiwa umechelewa nusu saa kufikia hapo, usidhani utaifidia mbele.

Mbona njia ya mwambao inachosha kuliko ramani inavyoonyesha? Bahari si iko usawa mmoja?

Bahari iko usawa mmoja, njia haiko. Kila kijito kinachoingia baharini kimechimba bonde lake, na njia inayofuata ukingo wa jabali inashuka hadi kwenye kijito na kupanda tena upande wa pili. Mita 80 chini, mita 80 juu, kisha bonde lingine. South West Coast Path ya Uingereza, yenye urefu wa kilomita 1,014 kutoka Minehead hadi Poole Harbour, haina hata mlima mmoja mrefu, lakini anayeimaliza amepanda jumla ya zaidi ya mita 35,000. Hiyo inakaribia mara nne ya kimo cha Everest.

Kwa hiyo unaposoma ramani, usiangalie sehemu ya juu kabisa ya siku. Hesabu mabonde.

Jambo la pili ni mchanga. Kutembea kwenye mchanga mkavu na laini hula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu. Shuka kwenye mchanga wenye unyevu, pale ambapo wimbi la mwisho limetoka kupita: kisigino hakizami. Ila ufukwe wenye mwinamo mkali huufanya mguu mmoja ukae chini ya mwingine muda wote, na baada ya saa moja nyonga itakuambia.

Nianze saa ngapi?

Mapema, isipokuwa maji yakikuamuru vinginevyo (tazama sehemu inayofuata). Asubuhi upepo wa baharini kwa kawaida haujashika kasi, jua halijakuwa kali, na ukipata tatizo una mwanga wa kutosha wa kulitatua. Kumbuka pia kwamba urefu wa mchana hubadilika kadiri unavyoenda mbali na ikweta. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, mchana wa Juni ni wa takriban saa 16, wa Desemba ni wa saa 8. Siku ya saa saba na dakika 20 tuliyoipiga hesabu hapo juu haina nafasi ya kuchelewa mwezi wa Desemba.

Lazima nifanye mazoezi kabla?

Ndiyo, na zoezi bora ni kutembea ukiwa na viatu vilevile na mzigo uleule. Panda na kushuka ngazi. Kushuka ndiko kunakoyafundisha mapaja, na ndiko watu wanakokusahau. Angalau mara moja tembea siku mbili mfululizo, kwa sababu asubuhi ya pili ndiyo inayokueleza ukweli wa maandalizi yako.

## Maji kujaa na kupwa

Mimi natembea nchi kavu. Kujaa na kupwa kunanihusu nini?

Kunakuhusu kuliko kitu kingine chochote katika siku hii. Njia nyingi za mwambao zina vipande vinavyopita ufukweni chini ya majabali, au vinavyokata mlangomto kwa miguu, na vipande hivyo huwepo kwa saa chache tu kisha hutoweka. Mtembeaji anayejua hali ya hewa ya kesho lakini hajui maji yatapwa saa ngapi hajajiandaa.

Sehemu nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Ndiyo maana kila siku kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50: leo saa tano asubuhi, kesho ni kama saa tano na dakika 50. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Ziko pwani ambazo maji hujaa mara moja tu kwa siku, na ziko ambazo tofauti ni ndogo sana, kama Mediterania. Kwenye ghuba ya Fundy nchini Kanada tofauti inaweza kufika mita 16.

Bamvua na maji mafu vinabadilisha nini kwenye ratiba yangu?

Vinabadilisha kila kitu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja: maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu huja baada ya mwezi kufika robo, na tofauti inakuwa ndogo.

Wengi huiogopa bamvua peke yake. Ni kweli kwamba siku ya bamvua maji yakijaa yanaweza kulamba hadi mguuni mwa jabali, pale ulipodhani pana ufukwe daima. Lakini maji mafu nayo yana mtego wake: kivuko ulichosoma kwamba kinapitika maji yakipwa, siku ya maji mafu huenda kisipungue vya kutosha. Kwa hiyo tazama kimo cha maji kwenye jedwali, si saa peke yake.

Jedwali la maji nalisomaje?

Tafuta jedwali la bandari iliyo karibu na kipande chako, la mwaka huohuo na tarehe hiyohiyo. Kila mstari una saa na kimo kwa mita. Angalia mambo mawili kabla ya kuamini saa hizo. Kwanza, je, jedwali limetumia saa ya kawaida wakati nchi uliyopo imesogeza saa mbele kwa majira ya joto? Hapo utahitaji kuongeza saa moja. Pili, je, ulipo ni mbali na bandari hiyo? Ndani ya mlangomto maji huchelewa kupwa kuliko baharini.

Na jedwali halijui hali ya hewa. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari moja, bahari hupanda kama sentimita moja. Upepo mkali unaosukuma maji kuelekea nchi kavu huongeza juu yake. Siku ya dhoruba, jedwali linakuambia kidogo kuliko litakalotokea.

Maji yanapanda kwa kasi gani? Si nitayaona yanakuja?

Mabaharia wana hesabu ya mafungu 12. Gawanya tofauti kati ya kupwa na kujaa kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 6, saa ya kwanza maji yamepanda nusu mita na kila mtu ametulia. Saa ya tatu peke yake yanapanda mita moja na nusu.

Hapo ndipo watu wanaponaswa. Wanaangalia saa ya kwanza, wanasema maji yanapanda polepole, wanakaa kula. Na ufukwe mpana hauna usawa kamili: maji huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, ukiwa bado umesimama kwenye mchanga mkavu unaotazama baharini.

Njia imekatwa na mlangomto. Nivuke au nizunguke?

Soma maelezo ya njia yenyewe, maana kila kivuko kina saa zake. Mto Erme huko Devon, kwenye hiyo South West Coast Path, hauna boti ya kuvusha watu. Unavukwa kwa miguu saa moja kabla na saa moja baada ya maji kupwa kabisa, na hata hivyo si wakati mto umefurika kwa mvua.

Panga siku nzima kuanzia kivukoni kurudi nyuma. Tuseme maji yatapwa saa tano asubuhi, kwa hiyo kivuko kiko wazi kuanzia saa nne hadi saa sita. Kutoka unapolala hadi hapo ni kilomita 7 na mita 300 za kupanda: saa moja na dakika 45, ongeza nusu saa ya milima, ongeza robo saa ya kupumzika. Ondoka saa moja na nusu, ufike saa nne kamili kivuko kinapofunguka. Ukifika mapema, subiri ukingoni. Ukifika saa sita na robo, zunguka, au lala upande huo.

Unapovuka, legeza mikanda ya begi na fungua ule wa kiunoni ili ukianguka uweze kulivua. Baki na viatu, kwa sababu mawe ya chini ni makali na yana utelezi. Tazama upande maji yanakotoka, sogeza mguu mmoja kwa wakati. Maji yakipita magoti na yanakwenda kasi, rudi.

Na mchanga unaodidimiza?

Upo hasa kwenye ghuba pana zenye mito, na hubadilisha mahali kila baada ya maji kujaa, kwa hiyo nyayo za jana hazikuhakikishii kitu. Ghuba ya Morecambe kaskazini-magharibi mwa Uingereza imekuwa na mwongozaji rasmi wa kuvusha watu mchangani tangu karne ya 16, na sababu inaeleweka: Februari 2004 wakusanya kombe wasiopungua 21 walizidiwa na maji huko usiku, wakafa. Mahali pa namna hiyo usivuke bila mwongozaji, hata kama anga ni safi na upande wa pili unauona.

Ukizama hadi mashavu ya miguu, vua begi, kaa au lala chali ili uzito wako usambae, kisha tikisa mguu mmoja taratibu hadi maji yaingie kuuzunguka na uachie. Kujikwamua kwa nguvu kunazidi kukaza mchanga. Piga simu ya uokoaji mapema. Kinachoua ni maji yanayofuata.

## Miguu na mzigo

Viatu gani vinafaa?

Vinavyoutosha mguu wako ukiwa umevimba. Baada ya saa kadhaa za kutembea mguu huongezeka ukubwa, kwa hiyo vijaribu jioni, ukiwa na soksi utakazotumia, na hakikisha mbele ya kidole kirefu pana nafasi ya upana wa kidole gumba. Viatu virefu vya kifundoni au vifupi vya kukimbilia? Kwa mzigo mwepesi na njia nzuri, napendelea vifupi: hukauka haraka, na mwambao una umande, matope na maji ya chumvi kila upande. Ukiwa na kifundo dhaifu, chukua virefu. Katika yote mawili soli yenye meno ndiyo muhimu, kwa sababu nyasi zenye umande juu ya jabali zinateleza vibaya.

Malengelenge nayazuiaje?

Simama unapohisi joto. Kabla lengelenge halijatokea, ngozi huanza kuwaka mahali padogo, mara nyingi nyuma ya kisigino au pembeni mwa kidole kidogo. Una dakika chache. Keti, vua kiatu, vua soksi, futa mchanga wote, acha mguu ukauke, kisha bandika utepe wa kitabibu ukiwa umenyooka bila mkunjo na kona zake umezikata mviringo ili zisikunjuke. Shughuli yote ni dakika tano. Anayeona aibu kuwasimamisha wenzake kwa dakika tano atawasimamisha kwa siku mbili.

Chanzo ni msuguano, na unyevu huuzidisha. Kwa hiyo badilisha soksi mchana, zile za asubuhi zining'inize nyuma ya begi zikauke. Soksi za sufu au za nyuzi za kutengenezwa kiwandani hufaa. Za pamba hushika jasho. Ukishuka ufukweni, mimina mchanga nje ya viatu unapoondoka tu, hata kama ni kidogo.

Lengelenge dogo lisilouma liache na ulifunike. Kubwa lenye kuuma litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa, mradi halina usaha, na ngozi ya juu usiiondoe. Likiwa jekundu kuzunguka, lina joto na usaha, hilo ni la mhudumu wa afya.

Begi liwe na uzito gani?

Kama unarudi kulala kwenye nyumba, lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Kama umebeba hema na jiko, jitahidi lisizidi sehemu moja ya tano. Vitu ambavyo siviachi hata kwenye siku fupi: koti la mvua, nguo moja ya joto, ramani na dira, tochi ya kichwani, filimbi, vifaa vidogo vya huduma ya kwanza, maji, chakula cha ziada cha mlo mmoja, na betri ya akiba ya simu. Uzito mkubwa ukae karibu na mgongo, na mkanda wa nyonga ubebe kazi kuliko mabega.

Fimbo za kutembelea zina faida kweli?

Zina faida kubwa kwenye kushuka, kwa sababu hupunguza mzigo unaotua magotini, na kwenye vivuko vya maji zinakupa mguu wa tatu. Zirefushe kidogo unaposhuka, zifupishe unapopanda.

Maji na chakula kiasi gani?

Anza na makadirio ya nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Chungulia mkojo wako: ukiwa wa rangi iliyokolea, uko nyuma. Usivuke mpaka upande wa pili pia. Kunywa maji mengi mno bila chumvi yoyote hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake ni kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Kula kidogo kidogo kila saa, vitu vyenye chumvi na vyenye sukari. Vijito vya mwambao vimepita malishoni kabla ya kukufikia, kwa hiyo chuja na kutibu maji yake.

## Njia na alama

Nitajuaje kwamba sijapotea?

Jifunze alama ya njia yako kabla ya kuanza. Njia za kitaifa za England na Wales huwekewa tunda la mwaloni. Njia za masafa marefu ziitwazo GR za Ufaransa, Ubelgiji na Hispania zina mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini. Ukikuta mistari hiyo imekatizana kama herufi X, umekosea njia. Ukitembea dakika 15 bila kuona alama yoyote mahali palipokuwa na alama nyingi, rudi hadi ya mwisho uliyoiona.

Kutembea na bahari mkono uleule siku nzima kunasaidia, ila hakutoshi. Makosa mengi hutokea njia inapoiacha bahari na kuingia mashambani, penye vijia kumi vinavyofanana.

Simu haitoshi?

Simu ni nzuri, na kifaa chake cha kujua ulipo hufanya kazi bila mtandao mradi umepakua ramani kabla. Iweke kwenye hali ya ndege ili betri idumu. Lakini mvua, baridi na kuanguka huizima, na kioo chake hakikuonyeshi siku nzima kwa mtazamo mmoja. Beba ramani ya karatasi. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita moja.

Nikae umbali gani na ukingo wa jabali?

Mbali kuliko unavyotaka kwa ajili ya picha. Ukingo mara nyingi umeliwa kwa chini, na unachokanyaga ni nyasi na mizizi inayoning'inia hewani. Kutoka juu huwezi kuona. Ukiona nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, ondoka hapo. Vilevile usipumzike chini ya jabali, hasa baada ya mvua kubwa. Rundo la mawe yenye rangi mbichi ambayo hayajaota kitu linaonyesha kwamba jabali limeporomoka karibuni.

Nimekuta njia imefungwa.

Fuata mchepuko uliowekwa. Kama hakuna, rudi hadi njia panda ya mwisho na upite bara. Usiruke uzio.

## Mashamba na mifugo

Nikikuta ng'ombe?

Tembea kwa utulivu, wape nafasi, na usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Kundi likikusogelea, usikimbie. Geuka uwatazame, nyosha mikono, endelea taratibu kuelekea lango. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakawashambulia, mwachilie mbwa. Wanamfuata yeye, naye ana mbio kuliko wewe. Nyakati nyingine zote kwenye malisho mbwa afungwe kamba fupi.

Lango niliache wazi au nilifunge?

Liache kama ulivyolikuta. Mkulima anaweza kuwa ameliacha wazi makusudi ili mifugo ifike kwenye maji.

Kupe je?

Jichunguze kila jioni: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kiunoni, nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa koleo yenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe. Wekundu unaotanuka au homa katika wiki zinazofuata ni sababu ya kwenda kwa daktari, kwa kuwa kupe wa sehemu nyingi hubeba ugonjwa wa Lyme.

Nikibanwa na haja mbali na choo?

Sogea mita 60 au zaidi kutoka majini na njiani, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, fukia. Karatasi rudi nayo kwenye mfuko.

## Hali ya hewa

Kuna mawingu na upepo baridi. Mafuta ya jua ya nini?

Mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza ngozi, mchanga mkavu huirudisha kama asilimia 15, na povu la bahari kama 25. Upepo wa baharini huondoa hisia ya joto, basi unaungua bila kujua. Paka shingoni, masikioni na chini ya kidevu.

Ukungu ukishuka ghafla?

Simama kwanza. Weka alama kwenye ramani ulipo wakati bado unapajua. Kisha endelea kwa dira, ukiwa upande wa bara wa njia. Kama njia inapita ukingoni kabisa na huoni hatua kumi mbele, vaa nguo ya joto na usubiri.

Radi?

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja hivi. Zikiwa 30 au chini yake, shuka kutoka juu ya jabali na sehemu zilizo wazi, kaa mbali na mti uliosimama peke yake na uzio wa chuma. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Naweza kutembea peke yangu?

Ndiyo, na wengi hufurahia hivyo. Mwachie mtu njia yako, saa unayotarajia kufika, na saa ambayo asipokusikia apige simu ya uokoaji. Kisha usisahau kumjulisha umefika.

Nimezingirwa na maji chini ya jabali. Nifanye nini?

Usiogelee kuzunguka mwamba, na usijaribu kulikwea jabali kwa kubahatisha. Wengi huanguka wakiwa nusu ya njia. Panda mahali pa juu zaidi panapofikika kwa usalama, penye nyasi au mimea inayoonyesha maji hayafiki, na uite msaada mara moja, si baada ya kujaribu kwanza. Sema unahitaji uokoaji wa baharini.

Msaada naitaje?

Namba 112 hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi. Namba ya nchi uliyopo iandike kabla. Bila mtandao, tumia filimbi: sehemu nyingi za Ulaya ni milio sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni milio mitatu. Amerika Kaskazini milio mitatu ndiyo ya kuomba msaada. Usiku tumia tochi kwa hesabu hiyohiyo.

Nimechelewa na jua linazama. Nimebakiwa na muda gani?

Nyosha mkono mbele yako, kunja kiganja ili vidole vinne vilale kati ya jua na upeo wa bahari. Kila kidole ni kama dakika 15. Karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya jua kuzama. Ukienda mbali nayo, mwanga hukawia. Vikibaki vidole viwili na bado una saa moja ya jabali, toa tochi sasa ukiwa bado unaona, na tafuta kwenye ramani kijia kinachokuondoa ukingoni kuelekea barabara.

Nikikatisha siku katikati, itabidi nianze upya?

Hapana. Njia ndefu haina refa. Chukua usafiri hadi unapolala, kesho urudi pale ulipoishia, au uruke kipande hicho uendelee mbele. Kabla ya kuondoka kila asubuhi, tia alama kwenye ramani sehemu mbili au tatu ambazo njia inakutana na barabara. Mguu ukikataa saa saba mchana, utakuwa unajua tayari ni kilomita ngapi hadi lami iliyo karibu.